Mshambuliaji Anayehama Si Mtoro

Kila msimu wa usajili wa wachezaji unapofunguliwa, katika mabwalo ya askari na katika vituo vya polisi huzuka mjadala ule ule. Mchezaji fulani ameondoka. Jana alikuwa akiifungia timu yetu magoli, leo amevaa fulana ya timu nyingine, na kesho kutwa huenda akavuka mpaka wa nchi. Wapo wanaosema ameuza utu wake kwa vijisenti. Wapo wanaosema hana msimamo. Na wapo, hasa miongoni mwetu tuliolelewa katika amri na kiapo, wanaotumia neno zito kuliko yote, neno ambalo askari hapaswi kulitamka kwa mzaha: mtoro.

Leo tungependa kulijadili neno hilo, na kulikataa. Tunalikataa kwa sababu linawadhulumu watu wanaofanya kazi halali, na zaidi kwa sababu linawadhuru vijana wetu wenyewe wanaocheza katika timu za vikosi. Ili tusiongee hewani, tutaufuata mwendo wa mtu mmoja, Jacques Tuyisenge, mshambuliaji ambaye soka lake lilianza kuonekana hapa Gisenyi, akavaa fulana ya polisi, akaenda kutafuta riziki Nairobi na Luanda, kisha akarudi kuvaa fulana ya jeshi. Ni wachache mno wanaoweza kusema kwamba polisi na jeshi, wote wawili, wamewahi kuwashangilia kama mtu wao.

Gisenyi, makao ya Wilaya ya Rubavu, ni mji uliozoea watu wanaopita na kurudi. Mbele yake lipo Ziwa Kivu, ubavuni mwake upo Goma, na kwa miaka mingi wachuuzi, wanafunzi na mafundi wamekuwa wakivuka mpaka asubuhi na kurejea jioni. Kiswahili kilikuwa lugha ya soko katika mji huu muda mrefu kabla Bunge halijakipa hadhi ya lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Hata sambaza, samaki wadogo wanaowalisha wakazi wa ukingo huu wa ziwa, hawakuwa wenyeji wa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazaana, na leo hakuna mvuvi anayewaita wageni.

Katika kandanda mji huu una timu mbili zinazotumia Uwanja wa Umuganda: Etincelles, timu ya wananchi wa mji, na Marines, timu yenye asili ya jeshi. Mwaka 2016, Rwanda ilipoandaa mashindano ya CHAN, yaani ubingwa wa Afrika kwa wachezaji wanaocheza katika ligi za nyumbani kwao, uwanja huo ulipokea mechi za kundi la Uganda, Mali, Zambia na Zimbabwe. Hizo zilikuwa siku za sherehe. Kazi ya kila mwaka ya Umuganda, hata hivyo, ni ya kimya zaidi: kulea na kuaga. Haruna Niyonzima, kiungo mwenye ufundi mwingi, alitokea Etincelles, akapita Rayon Sports na APR, na mwaka 2011 akaenda Yanga ya Dar es Salaam. Huko alidumu hadi mwaka 2017, alipohamia kwa watani wa jadi, Simba. Tuyisenge alifuata njia ya namna hiyo hiyo, ingawa yeye kazi yake ilikuwa ni kufunga.

Alizaliwa mwaka 1991. Kutoka Etincelles alihamia Kiyovu Sports ya Kigali, kisha akajiunga na Police FC, ambako jina lake lilikomaa. Mwaka 2015 Police FC ilitwaa Kombe la Amani kwa kuishinda Rayon Sports katika fainali. Mwanzoni mwa mwaka 2016, baada ya kuichezea Amavubi katika CHAN ya nyumbani, aliondoka kwenda Gor Mahia ya Kenya. Akiwa huko, Gor Mahia ilichukua ubingwa wa ligi mwaka 2017, ikauchukua tena mwaka 2018, na kwa mara nyingine katika msimu wa 2018/19. Mwaka 2019 alikwenda Petro de Luanda ya Angola. Mwaka 2020 alirudi Rwanda kuichezea APR, na mwaka 2022 akahamia AS Kigali. Tukizihesabu tunapata klabu saba katika nchi tatu. Hakuna klabu kubwa ya Ulaya katika orodha hiyo, na wala hapakuwa na picha za kumpokea kwa ndege ya kukodi. Ni orodha ya mtu wa kazi.

Watu wa aina hii wapo duniani kote, na mara nyingi ndio uti wa mgongo wa mchezo wenyewe. Wasomaji wetu wengi wanamkumbuka kwa uchungu Sebastián Abreu wa Uruguay, yule aliyepiga penalti ya mwisho mjini Johannesburg mwezi wa Julai mwaka 2010 na kuitoa Ghana katika robo fainali ya Kombe la Dunia. Aliupiga mpira kwa upole, ukaelea katikati ya lango huku golikipa akiwa tayari ameruka upande mmoja. Wasichokikumbuka wengi ni kwamba mtu huyo alichezea klabu zaidi ya ishirini na tano katika maisha yake, idadi iliyomfanya aingie katika kitabu cha rekodi za dunia. Utulivu ule wa Johannesburg haukushuka kutoka mbinguni. Mtu aliyeingia mara nyingi hivyo katika chumba cha wageni, akapewa fulana mpya na kuambiwa athibitishe upya kwamba anajua kufunga, huwa amekwisha zoea kutazamwa na macho yasiyomwamini.

Sisi Waafrika ya Mashariki tunapenda zaidi shujaa wa siku moja, na hatuna ubaya katika hilo. Rwanda nzima inamkumbuka Jimmy Gatete kwa mwaka 2003, alipofunga bao pekee dhidi ya Uganda mjini Kampala, kisha bao pekee dhidi ya Ghana mjini Kigali, na Amavubi wakaenda kwa mara ya kwanza kwenye fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, zilizofanyika Tunisia mwaka 2004. Hayo ni mabao ya historia, na wimbo wake utaimbwa daima. Lakini jeshi halijengwi kwa siku moja ya ushujaa. Linajengwa kwa askari anayefika lindoni kwa saa yake, leo na kesho na mwaka ujao, awe katika kambi anayoipenda au katika kambi asiyoipenda. Mshambuliaji anayehama ni wa aina hiyo ya pili, na ndiyo maana tunasema askari na polisi wangepaswa kuwa wa kwanza kumwelewa.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mchezaji anayehamia nchi ya kigeni hupewa jembe siku ya kwanza. Hapewi muda wa kujifunza jina la mtaa. Akikosa mabao mechi tatu, jukwaa linauliza kwa nini nafasi hiyo hakupewa mwenyeji. Tuyisenge alipofika Nairobi alikuta klabu yenye mashabiki wengi na wakali, klabu ambayo katika msimu wa 2015 ilikuwa imemaliza ligi bila kufungwa hata mechi moja. Mtu anayeingia katika nyumba ya namna hiyo hawezi kuishi kwa sifa alizotoka nazo kwao.

Siku iliyomtambulisha kwa watu wasiofuatilia ligi ya Kenya ilikuwa tarehe 13 Julai mwaka 2017, katika Uwanja wa Taifa wa Dar es Salaam. Gor Mahia, mabingwa wa kombe lililodhaminiwa na kampuni ya SportPesa, walicheza na Everton ya Uingereza. Wayne Rooney alikuwa amerudi Everton siku chache tu kabla, na hiyo ikawa mechi yake ya kwanza. Alifunga kwa shuti la mbali, na uwanja mzima, wenyeji na wageni, ukainuka kumshangilia. Dakika chache baadaye Tuyisenge akasawazisha. Everton walishinda 2-1 kwa bao la mwishoni, na magazeti ya dunia yakaandika habari za Rooney. Hilo ni jambo la kawaida. Lakini katika kitabu cha mechi ile, goli la mchezaji aliyepitia Umuganda linahesabiwa moja, na goli la Rooney nalo linahesabiwa moja.

Tunaijua vizuri hoja ya upande wa pili, na si haki kuipuuza. Wanaosema mchezaji anayehama ni mtoro wanasema hivi: timu ndiyo iliyomlea, ikampa viatu, ikamlisha, ikamtibu goti, leo amekomaa, anaondoka. Wanaongeza kwamba mwacha asili ni mtumwa. Na kwa timu za vikosi wanasema zaidi: timu hizi ni za nidhamu, nidhamu ni kukaa mahali ulipowekwa.

Tunajibu kwamba nidhamu ya askari haijawahi kuwa kukaa mahali pamoja. Nani kati yetu amemaliza miaka ya utumishi katika kambi ile ile aliyoripoti siku ya kwanza? Askari huhamishwa. Leo yupo milimani, kesho yupo mpakani, mwaka ujao anapelekwa nchi ya mbali kulinda amani ya watu ambao lugha yao haijui. Polisi naye huhamishwa kutoka wilaya hadi wilaya. Hakuna anayemwambia kwamba ameisaliti kambi ya zamani. Tunachokiangalia ni mambo matatu tu: alifikaje, alifanya kazi gani alipokuwapo, na aliondokaje. Je, alikabidhi vifaa? Je, aliaga? Je, wenzake waliobaki wanaweza kumtaja bila kutema mate? Mtoro ni yule anayeondoka bila ruhusa, usiku, akiacha lindo tupu. Mchezaji aliyemaliza mkataba wake, au ambaye klabu yake imekubali kumwachia, ameondoka kwa lango kuu, mchana, na karatasi mkononi.

Hata hivyo tusiuvute mfano huu kupita mahali unapofika. Askari akihamishwa, mshahara wake humfuata, na mwisho wa utumishi wake yapo malipo ya uzeeni. Mchezaji hana hayo. Mkataba wake ni wa mwaka mmoja, miwili, mara chache mitatu. Goti likivunjika katika mwezi wa mwisho wa mkataba, hakuna kambi inayomsubiri. Katika kanda yetu zipo klabu, na si moja wala mbili, ambazo wachezaji wake wamepitisha miezi bila kulipwa. Mshambuliaji huanza kulipwa vizuri akiwa na miaka ishirini na kidogo, na akifika miaka thelathini na mitatu au minne watu huanza kumwita mzee. Maisha yote ya kazi yake yanaingia katika miaka kumi na miwili hivi. Kumtaka mtu wa namna hiyo akatae mshahara bora kwa sababu ya mapenzi yetu ya jukwaani ni kumtaka atugharimie furaha yetu kwa chakula cha watoto wake.

Kuhama nako kuna gharama yake, na Tuyisenge aliilipa. Kwa kuwa CHAN ni ya wachezaji wa ligi za nyumbani peke yao, mwezi wa Januari mwaka 2018, Amavubi walipokwenda Morocco katika mashindano hayo, yeye hakuruhusiwa na kanuni kuwamo, kwa sababu alikuwa mchezaji wa klabu ya Kenya. Rwanda walitoka sare na Nigeria, wakaishinda Guinea ya Ikweta, wakafungwa na Libya, wakaaga katika hatua ya makundi. Hakuna ajuaye kama kuwapo kwake kungebadili lolote. Lakini mwaka huo huo klabu yake ya Gor Mahia ilipangwa kundi moja na Rayon Sports katika Kombe la Shirikisho la Afrika, na Mnyarwanda huyu akawa upande wa pili wa mstari. Katika mashindano hayo Rayon ilikwenda Nairobi ikashinda 2-1, na hatimaye ikafika robo fainali. Mtu anayecheza ugenini hana budi kuyabeba mambo kama haya kifuani na kuendelea na mazoezi kesho yake.

Ipo pia faida ambayo watu wa nyumbani hawaioni kwa urahisi. Mwezi wa Juni mwaka 2018, mjini Nakuru, Gor Mahia iliishinda Simba 2-0 katika fainali ya kombe lile la SportPesa. Mabao yote mawili yalifungwa na washambuliaji wa Amavubi: Meddie Kagere moja, Tuyisenge moja. Kagere, aliyezaliwa Uganda, alikuwa amekwisha pita Police FC na klabu nyingine za Rwanda, akacheza Tunisia, akafika hata Albania katika klabu ya Tirana, kabla ya kurudi Nairobi. Baada ya fainali hiyo Simba ilimchukua. Katika msimu wa 2018/19 aliongoza kwa mabao katika ligi ya Tanzania kwa kufunga 23, na msimu uliofuata akaongoza tena kwa mabao 22, akiwa amekwisha pita umri wa miaka thelathini. Hapo ndipo tunapoona maana ya ule msemo kwamba mtembea bure si sawa na mkaa bure. Kila klabu aliyopita ilimwachia kitu, na klabu ya mwisho ikavuna mbegu zilizopandwa na zote zilizotangulia.

Tuyisenge naye alionekana na wageni kwa njia hiyo. Mwanzoni mwa mwaka 2019 Gor Mahia ilikuwa kundi moja na Zamalek ya Misri, Hussein Dey ya Algeria na Petro de Luanda ya Angola katika Kombe la Shirikisho. Iliifunga Zamalek mabao 4-2 mjini Nairobi, na katika mechi ya mwisho ya kundi ikaifunga Petro 1-0 na kuingia robo fainali. Miezi michache baadaye, Petro ile ile iliyotolewa ndiyo iliyomsajili. Jeshi lenye akili humchunguza adui aliyelishinda, na klabu yenye akili hufanya vivyo hivyo.

Luanda haikuwa nyepesi. Ni mji wa lugha ya Kireno, ligi yenye fedha kuliko za kwetu, na mchezaji wa kigeni hupimwa kwa mizani ya fedha hizo. Kisha, mwezi wa Machi mwaka 2020, ugonjwa wa korona ukafunga viwanja vyote, na msimu wa ligi ya Angola ukafutwa bila bingwa kutangazwa. Msimu mzima wa kazi ya mtu ukabaki bila hitimisho. Ni nani angeweza kulipanga jambo kama hilo? Mchezaji anayehama huishi kwa mahesabu, lakini yapo mambo yasiyoingia katika hesabu yoyote, na hapo ndipo mtu huhitaji mahali pa kurudi.

Alirudi, na mlango uliomfungukia ulikuwa mlango wa jeshi. Inafaa tukumbuke kwamba tangu mwaka 2012 APR ilikuwa imechukua uamuzi wa kutumia wachezaji Wanyarwanda peke yao, uamuzi uliodumu hadi mwaka 2023. Uamuzi huo ulisifiwa na wengi na kulaumiwa na wengine. Sisi tunasema jambo moja tu juu yake: timu ya wazawa watupu inamhitaji sana mzawa aliyekwisha ona ya nje. Kijana wa miaka ishirini ambaye hajawahi kucheza Cairo au Algiers hawezi kufundishwa na kitabu jinsi uwanja wa ugenini unavyopiga kelele. Anafundishwa na mwenzake wa chumba kimoja cha kubadilishia nguo aliyekwisha zisikia kelele hizo. Katika msimu wa 2020/21 APR ilitwaa ubingwa bila kufungwa hata mechi moja, na msimu uliofuata ikautetea.

Na ile CHAN aliyoikosa mwaka 2018? Kwa kuwa sasa alikuwa nyumbani, kanuni ile ile iliyomzuia ndiyo iliyomruhusu. Mashindano ya 2020, yaliyocheleweshwa na ugonjwa hadi Januari 2021, yalifanyika Cameroon. Amavubi walianza kwa sare mbili za bila kufungana, dhidi ya Uganda na Morocco. Mechi ya tatu, mjini Limbe tarehe 26 Januari, ilikuwa ya kufa au kupona. Togo walitangulia mara mbili, na mara zote mbili Rwanda wakasawazisha, moja ya mabao hayo likiwa la Tuyisenge. Kisha Sugira Ernest akafunga la tatu, Rwanda wakashinda 3-2 na kuingia robo fainali, ambako walitolewa na Guinea kwa bao 1-0. Kijana aliyekuwa ameondoka mwaka 2016 baada ya CHAN moja, alirudi na kulitumikia taifa katika CHAN nyingine baada ya miaka mitano. Basi wale waliomwita mtoro walikuwa na haraka ya nini?

Kutokana na habari hii tunayo mambo matatu ya kuwashauri wanaohusika na timu za vikosi, kuanzia kombania hadi taifa.

Kwanza, daftari. Kanuni za Shirikisho la Soka la Dunia zinasema kwamba mchezaji aliye ndani ya mkataba anaponunuliwa na klabu ya nchi nyingine, asilimia 5 ya fedha za uhamisho hugawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 una robo ya asilimia moja, na kila msimu wa miaka 16 hadi 23 una nusu ya asilimia. Tuchukue mfano wa hesabu tu: mchezaji akinunuliwa kwa dola 100,000, klabu ndogo iliyokaa naye misimu miwili, akiwa na miaka 18 na 19, ina haki ya dola 1,000. Kwa klabu ya mjini Ulaya hizo ni fedha za chai. Kwa timu ya wilaya ni mipira, viatu na nauli ya mechi kadhaa za ugenini. Lakini fedha hizo hazimfuati asiye na karatasi. Timu isiyomwandikisha kijana wake rasmi, na isiyotunza kumbukumbu za misimu aliyocheza, inapoteza haki yake yenyewe, halafu inamlaumu kijana kwamba ameondoka bila kuacha kitu. Kila kikosi kina karani anayejua bunduki namba fulani ipo mikononi mwa nani. Karani huyo huyo anaweza kutunza daftari la wachezaji.

Pili, mkataba unaosomeka. Kijana anayetia sahihi katika timu apewe nakala yake, aelezwe kwa lugha anayoielewa mkataba unaanza lini, unakwisha lini, na ataruhusiwa kuondoka kwa masharti gani. Mahali penye masharti yanayojulikana hakuna haja ya kutoroka. Utoroshaji wa wachezaji, ambao sote tunauchukia, hustawi mahali ambapo mlango wa halali haujulikani ulipo. Afisa wa timu anayeficha mkataba kwa kudhani anamlinda mchezaji asiondoke, anamfundisha kwa mikono yake mwenyewe kuruka ukuta.

Tatu, kazi ya pili. Mchezaji ajifunze ufundi au taaluma angali na miguu yenye nguvu: udereva wa magari makubwa, umeme, ukocha, uamuzi, hesabu za fedha. Timu za vikosi zina bahati ambayo timu za kiraia hazina, kwani zimezungukwa na karakana, vyuo, hospitali na walimu. Ni aibu kijana akae miaka sita jirani na karakana ya magari, kisha astaafu soka bila kujua hata kubadili plagi. Na yule aliyekwenda nje akarudi, asiwekwe pembeni kama fulana iliyopauka. Apewe vijana awafundishe. Yale aliyoyajua kwa jasho Nairobi na Luanda ni mali, na mali haiachwi mvuani.

Kwa wachezaji nao tunalo la kusema, maana haki haina upande mmoja. Kuhama si fahari yenyewe kwa yenyewe. Yupo anayehama kwa sababu amepata kazi bora, na yupo anayehama kwa sababu kila mahali amegombana na kocha. Yupo anayeondoka ameaga, na yupo anayezima simu siku ya mazoezi. Huyo wa mwisho hatutamtetea. Kila klabu utakayopita itakuandikia cheti moyoni mwake, na soka la kanda hii ni kijiji kimoja: kocha uliyemdharau Kigali utamkuta Dar es Salaam, na katibu uliyemdanganya Nairobi atapigiwa simu kutoka Luanda kuulizwa wewe ni mtu wa namna gani. Heshima ya mchezaji anayehama ni kwamba mlango alioupitia wakati wa kuondoka aukute haujafungwa siku ya kurudi.

Basi, ndugu askari na ndugu polisi, msimu wa usajili utafunguliwa tena, na majina yatasomwa tena redioni. Likitajwa jina la kijana wa timu yetu kwamba amekwenda kwingine, tuulize kwanza: amemaliza mkataba? Amekabidhi fulana? Amewaaga wenzake? Majibu yakiwa ndiyo, tumpe mkono, tumtakie safari njema, na tulitunze daftari lake. Neno mtoro tulihifadhi kwa anayestahili, kwa maana ni neno la kwetu, na tunajua uzito wake kuliko mtu mwingine yeyote.